Ombi la Kukatiwa Maji

Haya yalitokea, na kama hayakutokea basi lipo tangazo rasmi la kuyakanusha, nami ni mtu ninayeheshimu matangazo. Yalitokea katika nchi ambayo sitaitaja jina. Walio ndani yake wanaijua, na walio nje wana za kwao.

Nchi hiyo ilijijengea mji mkuu mpya, ikauita Tumefika. Siku ya uzinduzi Waziri wa Maji, Umeme na Furaha ya Wananchi alipanda jukwaani, akafuta jasho, akasema:

"Ndugu zangu! Wapo wenzetu huko ng'ambo wanaojenga mji kwanza, halafu ndiyo waanze kuhangaika na maji na umeme. Sisi tumekataa! Sisi tumeanza na takwimu. Na takwimu zinasema kwamba kuanzia leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kila nyumba ya Tumefika, narudia, kila nyumba, imeunganishwa. Asilimia mia moja!"

Makofi yakapigwa. Hata waliokaa mbali wasikosikia neno, maana vipaza sauti havikuwa na umeme, walipiga makofi kwa kuwaona wa mbele wanapiga.

Miezi minne baadaye Mwalimu Tunu Makwaya alihamishiwa Tumefika. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, na tabia moja iliyowachosha watu: alisoma kila kilichoandikwa. Akinunua karanga atasoma na karatasi iliyofungiwa, mbele na nyuma. Mumewe, Chande, alikuwa kinyozi. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa, na sasa Tunu alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yao ya kwanza. Mkunga wa kule walikotoka alimwambia Chande mbele ya watu: "Huyu asibebe ndoo. Hata ikiwa tupu, asiibebe. Umenisikia?" Chande akajibu kwamba amesikia.

Nyumba waliyopewa na Serikali ilikuwa nzuri. Ilikuwa na bomba jikoni, bomba bafuni na bomba uani, yote yanang'aa. Chande akafungua la jikoni. Kimya. Akalitikisa kidogo, likang'oka, akabaki nalo mkononi. Lilikuwa limegundishwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na jirani.

Akaenda kuwasha taa. Kidole kikateleza. Swichi ilikuwa imechorwa, tena na mtu mwenye kipaji kwelikweli, mpaka na kivuli chake.

"Mke wangu," Chande akasema, "hapa tumeletwa tuishi au tutazame?"

"Ni jambo dogo," Tunu akamwambia. "Mtu akihamia mji mpya anakwenda kuandikishwa. Kesho nitapita ofisini."

* * *

Ofisi yenyewe iliitwa Nyumba ya Huduma ya Papo kwa Papo. Tunu alifika saa moja na nusu asubuhi, akapata nafasi ya kuonana na mhusika saa nane mchana. Mhusika alikuwa Bwana Badru Kifundo, Afisa Mwandamizi wa Kumhudumia Mteja Kabla Hajahudumiwa. Alikuwa mtu mstaarabu sana, mwenye shati jeupe na kalamu saba mfukoni. Alipoona tumbo la Tunu aliinuka, akampa kiti, akamfutia kiti kwa leso yake mwenyewe. Kisha akamnyima kila kitu kingine.

"Nimekuja kuomba kuunganishiwa maji na umeme," Tunu akasema.

"Umeshaunganishwa, Mwalimu."

"Bado."

"Unakaa Tumefika?"

"Ndiyo."

"Basi umeunganishwa. Hongera sana."

"Bwana Kifundo, bomba langu limegundishwa ukutani."

"Una bahati. Mengine yameshaanguka."

Tunu akavuta pumzi. Alikuwa amewahi kufundisha darasa la watoto tisini, akajua namna ya kuvuta pumzi. "Hakuna fomu ya kuomba maji?"

Kifundo akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Wewe ni mtu wa hesabu. Asilimia mia moja, ukiiongezea nyumba moja, inakuwa ngapi?"

"Inategemea kama nyumba hiyo ilikuwa—"

"Inakuwa mia moja na kidogo. Sasa hicho kidogo tukiweke wapi? Ukijaza fomu ya kuomba maji, umeandika kwa mkono wako kwamba Mheshimiwa Waziri hakusema kweli. Fomu zipo, sikufichi. Zilihamishiwa kituo cha polisi. Unajazia huko huko, na unalala huko huko."

Alipomwona Tunu anainuka kwa shida, moyo wake ulilainika. Hakuwa mtu mbaya. Akamwambia ipo njia ya heshima: aombe kamati ije ithibitishe kwamba nyumba ina watu. Ikithibitishwa, basi nyumba yenye watu isiyo na maji itahesabiwa kuwa na hitilafu, na hitilafu hurekebishwa bila kumwaibisha mtu yeyote.

Tunu akashukuru, akaandika barua. Jibu likaja baada ya wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu Chande alikuwa akiamka alfajiri, anafunga madumu manne kwenye baiskeli, anashuka kisimani bondeni. Kushuka nusu saa, kupanda saa nzima. Akirudi anafungua kibanda chake cha unyozi barazani. Mashine yake ya kunyolea ilitaka umeme, kwa hiyo alinyoa kwa mkasi, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa kupandisha maji. Wateja waliondoka na vichwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Hawakurudi.

* * *

Kamati ilikuja watu watano, ikiongozwa na Bwana Kifundo mwenyewe. Waliwakuta Tunu na Chande wanakula wali na maharage.

Walipima sebule. Walihesabu madirisha. Mmoja aliinama akatazama chini ya kitanda. Kisha wakasimama barazani, wakanong'onezana, na Kifundo akaja na sura ya huzuni.

"Poleni. Nyumba haina watu."

Chande akaweka kijiko chini. "Na sisi?"

"Ninyi mnaonekana, sikatai. Lakini kuonekana siyo kuishi. Kanuni zetu zinasema makazi ni mahali penye maji. Binadamu hawezi kuishi pasipo maji, hilo hata daktari atakuambia. Hapa hapana maji. Kwa hiyo hapa haishi mtu."

"Bwana mkubwa, si ndiyo maana tunaomba maji?"

"Na ombi lenu ni zuri sana. Tatizo ni kwamba mwombaji hayupo."

Jua lilikuwa kali, na wajumbe walikuwa wametembea. Mmoja akaomba maji ya kunywa. Tunu hakuwa mtu wa kumnyima mgeni maji, hata mgeni aliyemwambia hayupo. Akawamiminia vikombe vitano kutoka kwenye mtungi, ikaisha karibu nusu ya maji ya siku ile. Wakanywa, wakasifu, wakaomba tena.

Taarifa ya kamati iliandikwa pale pale. Kifungu cha kwanza kilisema nyumba haikaliwi na mtu. Kifungu cha pili kilisema maji yake ni matamu na baridi, na kamati inampongeza Mheshimiwa Waziri.

* * *

Siku ya Alhamisi baiskeli iliteleza kwenye mteremko wa kisima. Madumu yakaviringika mpaka chini, na Chande akarudi akichechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama nazi. Tunu akamfunga kitambaa, akamlaza. Kisha akakaa akitazama mtungi mkavu.

Alichukua ndoo moja. Alijiambia ataijaza nusu tu. Aliporudi nayo, mlangoni, tumbo likambana ghafla akashindwa kusimama. Akaegemea ukuta, pale pale penye swichi iliyochorwa, akawa anahesabu. Moja, mbili, tatu. Alifika mia mbili kumi na moja ndipo maumivu yakaachia.

Chande alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, anamtazama, uso umebadilika rangi.

"Umebeba ndoo," akasema.

"Nusu ndoo."

"Tunu. Miaka tisa." Aliketi chini, akaivuta ile ndoo kwake akaikumbatia, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie, akalia. Tunu hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa mama yake. Akaketi naye. Ndani ya tumbo mtoto akageuka, akapiga teke, na wote wawili wakacheka huku machozi yanatoka.

Kesho yake Tunu alikwenda tena ofisini. Hakuwa na barua wala mpango. Alikuwa na hasira tu, na hasira yake ilikuwa ya mtu mpole, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

Foleni ya Bwana Kifundo ilitoka nje mpaka barabarani. Tunu, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kusoma. Alisoma tangazo la usafi. Alisoma orodha ya sikukuu. Alisoma Mkataba wa Huduma uliobandikwa juu kabisa, karibu na dari, kwa herufi ndogo, mahali ambapo mbandikaji aliamini hautasomwa na mtu. Akafika kifungu cha kumi na nne: *Mteja anayeomba kukatiwa huduma atakatiwa ndani ya siku tatu, bila kuulizwa sababu. Atakayecheleweshwa kukatiwa atakuwa ameonewa.*

Akakisoma mara ya pili. Kisha akatoka kwenye foleni, akaenda mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha namba tisa, ambako hapakuwa na foleni kabisa.

Nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja mnene, mwenye uso mchangamfu, anafuma. Alikuwa Bi Zamzam, msimamizi wa Idara ya Kukatia. Tangu mji ufunguliwe hakuwahi kupata mteja hata mmoja, kwa sababu hawezi kukatiwa asiyekuwa nacho. Alikuwa amefuma kitambaa cha meza, cha kiti, cha simu, na sasa alikuwa analifumia kabati.

"Hujambo, mwanangu. Umepotea njia?"

"Shikamoo, mama. Sijapotea. Nataka kukatiwa maji."

Sindano ya kufumia ikaanguka. "Kukatiwa?"

"Nimeyachoka maji ya mji huu," Tunu akasema, na hapo hakusema uongo. "Na umeme wake pia. Lakini tuanze na maji."

Bi Zamzam akainuka, akatoka mlango wa pembeni, akamshika Tunu mikono miwili. "Nani kakuelekeza kwangu?"

"Nimesoma pale juu."

"Kumbe panasomeka!" Akamwita mwenzake wa masjala aje ashuhudie. Fomu zikatolewa kwenye bahasha zikiwa bado zinanuka wino. Mihuri mitatu ikagongwa, ta, ta, ta. Bi Zamzam alikuwa akiigonga huku anaimba kimoyomoyo. "Mwaka huu walitaka kuifunga idara yangu," akamwambia. "Wanasema sina matokeo. Mungu akubariki, mwanangu, wewe na huyo aliye tumboni. Jumatatu utakuwa huna maji."

* * *

Jumatatu saa tatu kamili alifika fundi, jina lake Songoro, mwanamume mrefu wa maneno machache, begani ana spana na msumeno. Akasalimia, akaonyesha hati ya kukata, akazunguka nyumba mara moja. Akazunguka mara ya pili. Kisha akapiga simu, na sauti ya Bi Zamzam ilikuwa kubwa kiasi kwamba wote walimsikia.

"Bi Zamzam, hapa hapana kitu. Nikate nini?"

"Kata maji."

"Hapana bomba, dada. Hapana mita. Pana ukuta."

"Kaka Songoro, mimi nina fomu yenye mihuri mitatu inayosema maji yapo. Wewe una mihuri mingapi?"

Songoro akajitazama. "Sina."

"Basi aliyekosea ni wewe. Na kama bomba lilikuwepo na sasa halipo, limeibiwa, na wewe ndiye wa kwanza kufika. Ukirudi hapa bila kukata, utaandika maelezo ya bomba la Serikali lilikokwenda."

Songoro akakata simu. Akakaa kwenye kizingiti, akafikiri. Bomba kuu lilipita hatua thelathini tu kutoka pale, limejaa maji tele, linakwenda kwenye chemchemi ya mapambo mbele ya Wizara.

"Shemeji," akamwambia Chande, "una jembe?"

Walichimba siku mbili. Chande alichimba kwa kupiga magoti, maana mguu ulikuwa haujapona. Songoro alitandika bomba, akapitisha ukutani mpaka jikoni, akafunga bomba la kweli na mita mpya yenye kioo safi, kwa sababu kanuni ilidai kwamba kabla ya kukata sharti mita isomwe, na mita haisomeki mpaka maji yapite.

"Haya," akasema siku ya pili alasiri. "Nafungua kidogo, nasoma, nakata."

Akafungua.

Kwanza bomba la jikoni lilikohoa. Likatema upepo, likatema matope mekundu, likanyamaza. Kisha maji yakaja, meupe, kwa nguvu, yakapiga sinki yakawarukia wote watatu usoni. Tunu akaweka mkono chini yake. Hakufanya jambo jingine lolote. Aliuweka tu mkono pale na kuuacha. Chande akavua kofia akaikinga ikajaa, akamtazama mkewe, akajimwagia kichwani.

Songoro alisimama na spana yake. "Miaka kumi na miwili nakata maji, tangu sijahamishiwa huku," akasema polepole. "Sijawahi kuyaona yanakuja." Akaomba ruhusa, akanawa uso. Akanawa tena. Kisha akakumbuka kazi, akafungua hati. "Inauma, lakini lazima nikate. Mwalimu, tia sahihi hapa kwamba umeridhika kukatiwa."

Tunu akachukua karatasi. Akasoma mbele. Akageuza, akasoma nyuma, mpaka kwenye mstari wa mwisho kabisa chini ya jina la mpiga chapa.

"Fundi, hapa pana kisanduku. Kimeandikwa: *Mteja ameghairi.*"

Songoro akainama akaangalia. "Kweli kipo. Sijawahi kukiona kimejazwa."

"Ukijaza hapo, inakuwaje?"

"Nadhani..." Songoro akaitazama spana, akatazama bomba linalotiririka, na taratibu meno yake yote yakaonekana. "Nadhani inakuwa nimekuja bure, nirudi nyumbani."

Tunu akatia alama kwenye kisanduku.

* * *

Wiki iliyofuata aliomba kukatiwa umeme. Wakaja, wakatundika waya, wakafunga taa na swichi ya kweli, wakawasha ili wazime, na Tunu akaghairi. Chande akanyoa vichwa kumi na vitatu siku moja kwa mashine. Bi Zamzam akaandika kwenye taarifa yake kwamba wateja wawili waliotaka kuikimbia Serikali wamebembelezwa na idara yake wakabaki. Akapewa cheti.

Jambo la namna hii halifichiki. Jirani alisikia maji yakilia ndani ya ukuta wake, akaja kuuliza. Tunu akamwelekeza. Jirani akamwelekeza shemeji yake. Kabla ya mwezi kwisha, foleni ya dirisha namba tisa ilikuwa inatoka nje ya jengo, watu na barua zao mkononi, kila mmoja akilalamika kwa uchungu kwamba amechoshwa na maji na anataka yakatwe haraka.

Habari zikamfikia Waziri, naye akaita waandishi.

"Ndugu wananchi! Katika nchi nyingine watu wanaandamana kudai maji. Sisi, watu wetu wanapanga foleni kuomba tuwapunguzie! Wameshiba! Na wanapofikiwa na wataalamu wetu, wakiyaona maji kwa macho, wanaona haya na kughairi! Huu ni uzalendo. Leo nina furaha kutangaza kwamba tumeunganisha asilimia mia moja na kumi na saba, na mataifa makubwa yametuma wajumbe kuja kujifunza tulivyofanya."

Katikati ya hayo Tunu akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti inayozidi kipaza sauti chochote cha Serikali. Wakamwita Sikudhani. Chande alimwogesha mwenyewe siku ya kwanza, kwa maji ya uvuguvugu, mikono yake imetulia kabisa.

Mtoto alipofikisha siku arobaini, Jumamosi asubuhi, mtu alibisha hodi. Tunu alipofungua alimkuta Bwana Badru Kifundo. Shati lake jeupe lilikuwa limebadilika, likawa la rangi ya chai. Mkononi alishika dumu.

"Karibu, Bwana Kifundo."

"Mwalimu, sitakaa." Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Naomba kuchota."

"Kwako hayatoki?"

"Kwangu," akasema, "bomba lilianguka mwaka jana. Mke wangu alirudi kwao. Alisema atakuja siku atakayosikia maji kwenye simu." Akainamisha kichwa. "Ningemwomba nani? Mwombaji ni mimi na mwombwa ni mimi."

Chande, aliyekuwa amempakata mtoto, alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka kwa ajili ya siku hiyo. Aliyapanga vizuri katika zile wiki za kupandisha baiskeli. Akamtazama yule mtu, kola yake na dumu lake lililopasuka mdomo, akaona maneno yenyewe hayatoki. Akachukua lile dumu, akaenda kulijaza. Tunu akatoa karatasi, akamwandikia ombi la kukatiwa maji, maana Kifundo kila akishika kalamu alijikuta anaandika "Limekataliwa."

Palikuwa na utaratibu mmoja mdogo. Mtumishi wa Serikali akitaka kukatiwa, barua yake lazima ipokelewe kwanza na Afisa Mwandamizi wa Kumhudumia Mteja Kabla Hajahudumiwa. Na barua haipokelewi kutoka ndani. Mwombaji sharti asimame nje ya dirisha, kwenye foleni, kama watu wengine.

Kwa hiyo Jumatatu Bwana Kifundo alipanga foleni. Alisukumwa, alikanyagwa, alipitwa na mwanamke aliyesema ameacha nafasi yake hapo tangu jana. Saa tano akafika mbele ya dirisha lake mwenyewe. Kiti cha ndani kilikuwa kitupu. Koti lake lilikuwa limetundikwa pale pale anapolitundika siku zote, kuonyesha kwamba mwenyewe hayuko mbali.

Akasubiri. Saa sita ikapita. Akachungulia. Akagonga kioo kwa ukucha, kisha kwa kidole, kisha kwa kiganja kizima.

"Lakini huyu mtu yuko wapi?" akapaza sauti. "Tangu asubuhi watu tumesimama hapa! Hana hata huruma?"

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega.

"Tulia, mwanangu," akamwambia. "Wewe ni mgeni hapa. Yule bwana ndivyo alivyo."